Mizani ya Chai na Mizani ya Deni

 

Somo letu la mwezi huu ni juu ya deni na nyumba. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani si ya Sala wala si ya Hija. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo ni aya ya deni. Kila Ramadhani twaisoma na twaipita. Lau tungesimama tukaizingatia, tungeona kuwa imeamrisha mambo manne: deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye atoe imla ya yatakayoandikwa, na watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Hilo la tatu na hilo la nne ndiyo nguzo ya somo letu.

Watu wengi huuliza swali hili katika darsa: Fulani ana kazi, ana mshahara, ana kiwanja, tena hapitwi na sala ya jamaa, mbona amekwenda kutaka fedha za kujengea nyumba akakataliwa? Jawabu mara nyingi limo katika daftari ambalo Fulani mwenyewe hajapata kulifungua.

Kwa nini twatoa mfano wa Kericho na Bomet

Sisi ni watu wa pwani, na majani chai hayamei kwetu. Lakini tangu mwaka 1969, ulipohamishwa mnada wa chai kutoka Nairobi, chai ya Kericho na Bomet huuzwa Mombasa. Magunia yake twayaona yakishushwa kwenye maghala ya Shimanzi na Changamwe. Bei inayotajwa hapa mjini ndiyo inayoamua kama mkulima wa Litein au wa Mogogosiek ataezeka nyumba yake mwaka huu au atangoja mwaka ujao. Basi mambo ya watu hawa si mageni kwetu, na wanalo jambo moja la kutufundisha.

Mkulima mdogo wa huko huchuma majani yake na kuyapeleka kituoni. Karani huyapima, mkulima hupewa risiti yenye kilo zake, na kilo hizo huandikwa kwa nambari yake katika kiwanda. Kila mwezi hulipwa kitu kidogo kwa kila kilo, na mwezi wa Oktoba hulipwa bonasi kwa majani ya mwaka mzima. Sasa mtazame mkulima huyo wakati wa kupima. Hata akiwa ni mzee asiyejua kusoma, jicho lake li juu ya mizani. Hapigi soga, hageuki nyuma, wala haondoki bila ya risiti, kwa sababu ajua kuwa kilo iliyopotea pale haitarudi mwezi wa Oktoba.

Ni nani kati yetu anayelitazama deni lake kwa jicho hilo?

Daftari lililo nyuma ya migongo yetu

Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilitoa kanuni za kuanzisha ofisi za kumbukumbu za wakopaji, ambazo watu wamezizoea kwa herufi tatu, CRB. Ofisi ya kwanza ilipewa leseni na Benki Kuu mwaka 2010, na zinazojulikana leo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hapo mwanzo mabenki yalipeleka habari za wale walioshindwa kulipa tu, na kwa ajili hiyo watu wengi mpaka leo wadhani kuwa CRB ni orodha ya wabaya, na kwamba asiye mbaya hamo. Sivyo. Kanuni za mwaka 2013 ziliyataka mabenki yapeleke habari za wanaolipa vizuri pia. Kwa hivyo aliyepata kukopa benki, au kwa simu kupitia benki, jina lake limo, na mbele ya jina lake yameandikwa mema yake na mabaya yake.

Kutokana na habari hizo hufanywa hesabu, na mtu hupewa alama. Katika ofisi ya Metropol, alama huanzia 200 na hufika 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa kuwa deni limemshinda. Yanayotazamwa ni haya: je, amelipa kwa wakati? Anadaiwa kiasi gani sasa, na mahali pangapi? Amekuwa akikopa na kulipa kwa muda gani? Amebisha milango mingapi ya kukopa kwa muda mfupi? Atakayebisha milango sita katika mwezi mmoja huonekana kuwa ni mtu aliyebanwa, hata kama hakuna hata mmoja uliomfungukia.

Alama na mlango wa nyumba

Mkopo wa nyumba haufanani na mikopo mingine. Ni fedha nyingi kwa muda mrefu, pengine miaka 20 au 25, na anayezitoa hutaka kujua kama atakayezichukua atadumu na ahadi yake muda wote huo. Hana namna ya kuuona moyo wa mtu, basi hutazama nyendo zake zilizopita. Akiona alama njema, hupima mambo mengine: mapato, hati ya ardhi, na umri. Akiona alama mbaya, mara nyingi haendelei hata kuifungua hati. Na akiendelea, hutaka malipo makubwa zaidi kwa kuwa ameingiwa na hofu.

Tuichukue hesabu hii, ambayo hatuileti kwa kuipendekeza riba, bali ili mtu aone thamani ya jina lake. Watu wawili wakopa kila mmoja shilingi 3,000,000 kwa miaka 20. Wa kwanza ametozwa 14 kwa mia, na wa pili, kwa ajili ya alama yake, ametozwa 16 kwa mia. Wa kwanza atalipa kiasi cha shilingi 37,300 kila mwezi, na wa pili kiasi cha shilingi 41,700. Tofauti ni kama shilingi 4,400 kwa mwezi, na kwa miaka 20 yapita shilingi 1,000,000. Hiyo ni bei ya kuchelewachelewa, na imelipwa na mtu ambaye pengine hakumbuki alichelewa wapi.

Huko Kericho mlango mwingine wa kupatia nyumba ni chama cha akiba na mikopo, yaani SACCO. Kampuni ya Kenya Mortgage Refinance Company, iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020, huyapa mabenki na vyama fedha za bei nafuu ili wapate kuwakopesha watu wa kipato cha wastani fedha za nyumba. Miongoni mwa vyama vyenye hisa humo ni Imarisha cha Kericho na Imarika cha Kilifi. Vyama hivyo viwili, kimoja cha milima ya chai na kimoja cha minazi yetu, asili yao ni vyama vya walimu. Chama hutazama akiba ya mtu na wadhamini wake. Lakini fedha zikiwa ni za nyumba, kumbukumbu za CRB nazo hutazamwa.

Na mkulima wa chai ana hatari yake mbali. Nyumba yake imesimama ndani ya shamba, na hati ni moja. Akiiweka rehani nyumba, ameliweka na shamba la majani chai linalomlisha. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imetaka rehani ya nyumba ya ndoa isiwe sahihi bila ya sahihi ya mume na mke wote wawili, na shamba la kilimo lahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi ya mahali hapo. Mke akiletewa karatasi atie sahihi, na asome kwanza. Hiyo si karatasi ya mabati na saruji tu. Ni karatasi ya shamba.

Makosa matatu

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa deni dogo si deni. Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mpango wa kuwasafisha waliokwama kwa mikopo ya simu. Ilisema watu hao walikuwa kiasi cha 4,200,000, na madeni yao yote kiasi cha shilingi bilioni 30. Ukigawanya, ni kama shilingi 7,100 kwa kila mmoja. Walipewa nafasi ya kupunguziwa nusu ya deni ikiwa watalipa kabla ya mwisho wa Mei 2023. Sasa linganisha: mwisho wa mwaka 2023, mikopo ya nyumba katika mabenki ya nchi nzima ilikuwa kiasi cha 30,000 tu. Mamilioni wamejifungia mlango kwa deni la nguo za Idi, la mchango wa harusi ya siku tatu, au la pilau ya watu ambao hawakualikwa. Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti aliyekufa na deni la dinari chache, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Zilikuwa dinari chache, wala hazikuwa mia. Basi atakayesema kuwa la shilingi elfu mbili ni dogo, na aseme amelipima kwa mizani gani.

Kosa la pili ni kudhani kuwa asiyekopa kabisa ana jina jema mbele ya benki. Mbele ya Mwenyezi Mungu, aliyeepukana na madeni amesalimika, nasi twamhimiza abaki hivyo. Lakini mbele ya daftari yeye hana jina jema wala baya; hajulikani. Wafanyabiashara wetu wa pwani huuziana kwa maneno, mali ya mamia ya maelfu, na hulipana kwa uaminifu mkubwa, lakini hakuna kalamu iliyoandika. Siku mmoja wao akitaka kununua nyumba kwa malipo ya muda, hana hata karatasi moja ya kumshuhudia. Mkulima wa Kapkatet mwenye ekari moja ana risiti za kilo zake miaka kumi nyuma, na tajiri wa duka la jumla hana. Aya ilitukataza kuchoka kuandika. Tulichoka, na leo twaona matunda ya kuchoka kwetu.

Kosa la tatu ni kudhamini kwa haya. Mtu hujiwa na rafiki, au shemeji, au jirani wa msikitini, naye hutia sahihi kwa kuona haya kukataa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mdhamini ni mwenye kulipa. Katika vyama vya wafanyakazi wa chai, mmoja akiacha kulipa, akiba za wadhamini wake hukatwa, na nafasi yao wenyewe ya kukopa hupungua. Mwenye nia ya kujenga asitie sahihi juu ya deni ambalo hayuko tayari kulilipa kwa mkono wake.

Habari ya riba

Atasema msomaji: Je, mwatufundisha kutengeneza jina ili tupate kula riba? Twasema: la. Hukumu ya riba iko wazi katika aya zilizotangulia hiyo ya deni, na haibadiliki kwa kubadilishwa jina. Mkopo wa simu wa M-Shwari, ulioanza Novemba 2012, uliwekewa ada ya 7.5 kwa mia kwa siku 30. Huitwa ada. Lakini anayeurudia kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa 90 kwa mia. Je, jina limegeuza kitu?

Iko njia nyingine. Benki zinazofuata sharia zilifungua milango yake Kenya mwaka 2008: Gulf African Bank, na First Community Bank ambayo tangu mwaka 2023 yaitwa Premier Bank. Katika ushirika wa kupungua, mnunuzi na benki huinunua nyumba kwa pamoja. Nyumba ikiwa ni ya shilingi 4,000,000, na mnunuzi akitoa 800,000, yeye humiliki sehemu moja katika tano na benki humiliki nne. Huilipa benki kodi ya sehemu yake, na huku huzinunua sehemu hizo kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yake yote.

Lakini na ijulikane wazi: benki hizi nazo zina leseni ya Benki Kuu, nazo hupeleka na kutazama kumbukumbu zile zile. Aliyeliharibu jina lake kwa mkopo wa riba atakuta limemtangulia mpaka kwenye mlango wa halali. Huu ni msiba wa watu wetu wengi, na wengine hawajui kuwa umewafika.

Mizani ina upungufu wake

Pamoja na hayo, haifai tuifanye alama ya benki kuwa ndiyo kipimo cha utu. Alama haijui sababu. Mei 2023 vijana wa Kericho walichoma mashine za kuchuma chai kwa kuwa ziliwaondolea watu kazi. Mchumaji aliyeachishwa kazi kwa ajili ya mashine, akashindwa kulipa, huandikwa sawasawa na yule aliyekuwa na fedha akakataa kulipa. Vilevile mkulima aliyeahidi kulipa kwa bonasi ya Oktoba, bei ikashuka mnadani Mombasa, daftari halimwulizi habari za mnada.

Dini yetu imewatenga watu hawa wawili. Mwenye uwezo anayechelewesha, Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wake kuwa ni dhulma. Na mwenye dhiki, aya ya 280 ya sura hiyo hiyo imeamrisha apewe muda mpaka afarijike, na ikasema kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Anayekopesha akijiita Mwislamu, kisha asiwatenge wawili hawa, ameishika nusu ya mafunzo na ameiacha nusu.

Tena lipo jambo lile la tatu tulilolitaja mwanzo. Qur'ani imempa mdaiwa nafasi ya kutoa imla, yaani hakuandikiwa nyuma ya mgongo wake. Mwenyewe yupo, asikia, na akubali. Daftari la leo huandikwa na mkopeshaji. Lakini sheria imeacha tundu moja ambalo kwalo mdaiwa aweza kuchungulia: kila mtu ana haki ya kupata kumbukumbu zake bila ya malipo mara moja kwa mwaka, na ana haki ya kupinga lililoandikwa kwa makosa. Anayeiacha haki hii amefanana na mkulima anayempa karani gunia lake, akaenda zake bila ya kutazama mizani. Akipunjwa, amlaumu nani?

La kufanya

1. Taka kumbukumbu zako katika ofisi hizo kila mwaka, hata kama huna haja ya mkopo. Soma kila mstari. Ukiona deni ulilolilipa laonekana halijalipwa, au deni usilolijua, andika barua ya kupinga na ubaki na nakala yake.

2. Lipa yaliyo madogo kwanza, na ukilipa taka karatasi ya kushuhudia. Tangu kanuni za mwaka 2020, deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipelekwi kuwa ni baya. Lakini la 1,500 hupelekwa, na alama yake mbaya huweza kukaa miaka 5 baada ya kulipwa. Kwa hivyo anayetaka kujenga mwaka 2030 na aanze leo.

3. Ukiletewa onyo kuwa jina lako litapelekwa, usilifiche. Kanuni zataka upewe habari siku 30 kabla. Siku hizo ni za kwenda kwa mkopeshaji ukaeleze dhiki yako na kuomba muda mpya, wala si za kuizima simu.

4. Mfanyabiashara aandike. Awe na daftari la mauzo, apitishe fedha zake benki au katika chama, na ahifadhi risiti. Hiyo ndiyo njia ya kujenga jina bila ya kukopa kwa riba.

5. Usikope kwa simu kwa ajili ya sherehe. Harusi itapita kwa siku moja, na alama itabaki.

6. Ukifikiwa na ilani ya kuuzwa kwa nyumba au shamba, jua kuwa sheria imekupa miezi mitatu ya kulipa au kusuluhisha, na baada yake ilani nyingine ya siku 40 kabla ya mnada. Tafuta wakili au watu wenye ujuzi mwanzoni mwa muda huo, usingoje mwisho wake.

Maswali ya kuzungumza katika darsa

Kwa nini Qur'ani imemtaka mdaiwa, si mdai, ndiye atoe imla? Je, mkopeshaji wa leo angefanya nini ili amtenge mwenye dhiki na mwenye ujeuri? Katika mtaa wetu, ni watu wangapi wamepata kusoma kumbukumbu zao wenyewe? Tungependa kila darsa lilihesabu hili la mwisho, kwa watu waliohudhuria, bila ya kumtaja mtu.

Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu, atujaalie nyumba za halali hapa duniani na makao mema huko Akhera. Wabillahi tawfiq.